Majina 32, mnunuzi mmoja: kisa cha biashara ya domeni Lubumbashi

Kijana tunayemzungumzia ana kibanda cha sekretaria upande wa Kampemba, hapa Lubumbashi: mashine mbili za fotokopi, printa, kompyuta tatu, na foleni ndefu kila msimu wanafunzi wa chuo kikuu wanapochapa kazi zao za mwisho wa masomo. Katika muda usiofika mwaka alinunua majina ya domeni 32, yaani anwani za tovuti kama zile zinazoishia na .com, kwa nia ya kuyauza kwa faida. Mwaka wa kwanza ulipokaribia kuisha, barua pepe za msajili, yaani kampuni inayouza majina hayo, zikaanza kuingia mfululizo: lipia tena, la sivyo jina litakwenda. Akaniletea daftari lake. Swali lake lilikuwa fupi: "Yaya, nilipe yote au niache yote?"

Kazi yangu ni kutengeneza tovuti na kusimamia barua pepe za kampuni ndogo za mjini, kwa hiyo majina ya domeni napita nayo kila siku. Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa yake, bila kumtaja, kwa sababu vijana wengi wenye akili na bidii wanaingia kwenye biashara hii kwa mlango uleule alioingilia yeye, na pesa wanayoichezea ni ya kodi ya nyumba na karo za wadogo zao.

Alichokiona mwanzoni

Alianza na habari ya mauzo ya Voice.com. Habari yenyewe ni ya kweli: mwaka 2019 kampuni ya MicroStrategy ya Marekani iliuza jina hilo kwa Block.one kwa dola milioni 30. Alikuwa anaijua kwa moyo, mwaka, bei na majina ya kampuni. Upande wa pili akaona kwamba jina jipya la .com linasajiliwa kwa dola 12 tu. Kati ya dola 12 na dola milioni 30 hakuona kitu kingine chochote, na hakuna aliyemweleza.

Wazo lililomwongoza alilitoa kwenye viwanja. Kila mtu Lubumbashi anamjua mtu aliyenunua paseli upande wa Kasapa wakati kuna vichaka, akakaa kimya, leo anauza kwa bei anayoitaka. Kwake domeni ilikuwa paseli ya kwenye intaneti: wahi, shika, subiri. Nililikalia wazo hili naye kwa muda mrefu, maana hasara yote iliyokuwa daftarini ilitoka humo.

Kwanza, domeni hainunuliwi ikawa yako daima. Unalipia haki ya kuishika kwa mwaka mmoja au zaidi, na kwa .com huwezi kulipia zaidi ya miaka 10 mbele kwa mkupuo. Daftari kuu la .com, yaani orodha ya majina yote ya .com, linashikwa na kampuni ya Verisign kwa mkataba na ICANN, shirika lililoundwa mwaka 1998 kusimamia mfumo wa majina ya intaneti. Msajili unayemlipa wewe ni muuzaji wa rejareja tu: kwa kila jina la .com anamlipa Verisign ada ya kila mwaka, iliyofika dola 10.26 Septemba 2024, kisha anaweka chake juu. Kabla ya ongezeko lililoanza 2021 bei hiyo ilikuwa dola 7.85. Maana yake, gharama ya kungoja inapanda hata kama jina lako halijaulizwa na mtu.

Pili, na hili ndilo zito zaidi, kiwanja kizuri kinaweza kununuliwa na familia yoyote inayotaka kujenga. Jina la domeni linawafaa watu wachache, mara nyingi kumi, mara nyingine mmoja. Na huyo mmoja ana njia ya kukukwepa kwa dola 12: anaongeza neno, anageuza mpangilio, anatumia kiishio kingine badala ya .com, anapata jina linalomtosha. Bei yako inasimama pale tu ambapo kukukwepa kunamuuma.

Kilichokuwa daftarini

Niliyagawa majina yake mafungu matatu, na mgawanyo huu ndio uliotupa jibu.

Fungu la kwanza lilikuwa na majina 13 yenye viishio kama .online, .shop na .site. Aliyachukua wakati wa ofa, dola 2 kila moja. Maneno yalikuwa mazuri: ya Kiswahili, ya Kifaransa, mengine ya kubuni, matamu mdomoni. Lakini ofa hizi huwa za mwaka wa kwanza tu. Tulipofungua ukurasa wa bei za kulipia upya, mengi yalidai kama dola 30 kila moja. Alikuwa hajawahi kuufungua ukurasa huo. Majina yaliyomgharimu dola 26 yote kwa pamoja yalikuwa sasa yanadai 390.

Wengine watasema viishio vipya navyo vinauzwa. Vinauzwa, ni kweli, lakini kwa kawaida ni neno moja lenye nguvu linaloshikana na kiishio chake kama sentensi, na nyuma yake kuna mtu mwenye uwezo wa kulipia gharama kubwa kwa miaka mingi akingoja. Kwa mtu wa sekretaria, gharama ya mwaka inayofika mara mbili ya ile ya .com inamfukuza sokoni kabla mnunuzi hajafika.

Fungu la pili lilinitisha. Majina manane, yote .com, yote yamebeba majina ya watu wengine: migodi mikubwa ya Katanga, kampuni ya simu, na shule moja ya hapa mjini. Mengine yalikuwa na neno la Kifaransa la kuajiri mbele ya jina la mgodi. Yeye aliona werevu: kampuni kubwa ina pesa, haijashika jina hili, nitalishika mimi, watanitafuta. Walimtafuta kweli. Ilikuja barua pepe ya mawakili.

Kanuni za kutatua migogoro hii zilipitishwa na ICANN mwaka 1999, na kila anayesajili .com amezikubali ndani ya yale masharti marefu tunayobonyeza bila kusoma. Mlalamikaji anatakiwa kuthibitisha mambo matatu: kwamba jina linafanana na alama yake ya biashara kiasi cha kuwachanganya watu, kwamba wewe huna haki wala sababu halali ya kulishika, na kwamba ulilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Nia mbaya imeelezwa humo waziwazi, na mfano mmojawapo ni kusajili hasa ili umuuzie mwenye alama kwa bei inayozidi gharama zako. Kijana wetu alikuwa amemwandikia mfanyakazi wa mgodi kwenye WhatsApp: "Nina jina lenu, natoa kwa dola 2,000." Ujumbe ule mmoja unamkamilishia mlalamikaji kazi.

Kesi ya kwanza kabisa kuamuliwa chini ya kanuni hizo, Januari 2000, ilikuwa hivyohivyo: mtu alisajili worldwrestlingfederation.com, siku tatu baadaye akawaandikia wenye alama akitaka kuwauzia. Akanyang'anywa. Kesi husikilizwa na taasisi kama Shirika la Dunia la Miliki Bunifu lililoko Geneva. Mlalamikaji analipa dola 1,500 kwa jina moja hadi matano akitaka mwamuzi mmoja, nawe unapewa siku 20 za kujibu. Ukinyamaza, wanaamua kwa karatasi za upande mmoja. Kanuni hizi hazikutozi faini, zinakunyang'anya jina tu. Lakini sheria ya Marekani ya mwaka huohuo wa 1999 inairuhusu mahakama kumtoza aliyesajili alama ya mwenzake kwa nia mbaya dola 1,000 hadi 100,000 kwa kila jina, na daftari la .com liko Marekani.

Hata sheria isingekuwepo, yale majina ya kuajiri ningemwambia ayaachie. Mtu asiyejulikana alikuwa amemwandikia akitaka moja kwa dola 200, na alipoulizwa la nini akakwepa. Sisi wa hapa tunajua la nini. Kazi ya mgodini ndiyo ndoto ya nyumba ngapi mjini humu? Tangazo la uongo lenye anwani inayofanana na ya mgodi linatosha kuwafanya vijana watume "gharama za faili" kwa simu, wengine kwa pesa za kukopa. Alikuwa ameshaanza kufikiria kuuza. Nilimwambia asiuze, kwa sauti niliyokuwa sijawahi kutumia naye, akaelewa.

Jina la shule lina hadithi yake. Shule ilisahau kulipia. Jina la .com likipita tarehe yake, msajili anaweza kulishikilia hadi siku 45. Likifutwa linaingia siku 30 za kukombolewa, ambapo mwenyewe bado anaweza kulirudisha kwa gharama kubwa zaidi, halafu siku 5 za mwisho ambazo hakuna wa kuligusa. Baada ya hapo liko huru kwa yeyote. (Wasajili wengi hupeleka majina mazuri mnadani kabla hata ya kufika huko.) Kijana wetu alilidaka lilipodondoka. Sasa katibu wa shule hiyo ni mteja wake wa fotokopi, na zile barua kwa wazazi anazokuja kuzirudufisha bado zina anwani ya zamani ya barua pepe juu ya karatasi, kwa wino wa bluu. Mzazi akiandika pale, mwenye uwezo wa kuipokea barua ni mtu wa sekretaria. Hapo hatukujadiliana bei. Shule ilirudishiwa jina lake kwa dola 12, zilezile alizotoa.

Fungu la tatu lilikuwa majina 11 ya .com yanayoeleza kazi na mahali: usafirishaji, vipuri, nyumba za kupanga, matofali, yakiunganishwa na majina ya miji yetu. Hayakuwa na mbwembwe. Alikuwa ameyapuuza, ameyaandika nyuma ya daftari kwa kalamu ya risasi. Uhai wote wa biashara hii ulikuwa humo.

Hesabu

Mwaka wa kwanza alitoa dola 254: 132 kwa majina 11 ya kazi na mahali, 26 kwa yale 13 ya ofa, 96 kwa yale manane ya watu. Kwa mwaka wa pili, .com moja ikihesabiwa dola 15 kwa bei ya kawaida ya msajili wake, majina yaleyale yalikuwa yanadai 675. Alikuwa na 140 kwenye kadi.

Wazoefu wa biashara hii huzungumzia kuuza asilimia 1 au 2 ya majina yao kwa mwaka, na hao ni watu wanaojua kuchagua. Asilimia 1 ya majina 32 haifiki hata theluthi moja ya jina. Yaani jina moja kila miaka mitatu. Hata tukisema yote yawe .com ya dola 15, miaka mitatu ya kungoja ni dola 1,440. Ukiuza kupitia soko kama Sedo au Afternic kuna kamisheni. Ikiwa asilimia 20, lile jina moja lazima liuzwe dola 1,800 ili urudishe pesa yako tu, bila faida hata ya franga moja. Nilimwachia kalamu afanye hesabu mwenyewe. Aliirudia, akapata ileile.

Ndiyo maana simshauri mtu wa kipato chetu aanze kwa wingi. Anayeshika majina elfu tano anategemea wastani: mengi yatakufa, machache yatalipa. Mwenye majina 30 hana wastani wa kutegemea. Anachoweza kuwa nacho, na ambacho yule wa majina elfu tano hana, ni kuwajua wanunuzi kwa sura.

Mnunuzi aliyekuja mwenyewe

Katikati ya hayo alinionyesha barua pepe iliyomfurahisha sana. Mtu wa nje anataka moja ya yale majina ya ofa, yuko tayari kutoa dola 4,800, haombi kupunguziwa. Sharti ni moja: kwa ajili ya wahasibu wake anahitaji cheti cha kuthibitisha thamani ya jina, na akapendekeza tovuti ya kukitoa, dola 95. Kijana alikuwa ameshaingiza pesa kwenye kadi.

Huu ni utapeli wa zamani katika biashara ya domeni. Mnunuzi na mwenye tovuti ya vyeti ni mtu mmoja au wako pamoja, na ukishalipa cheti mnunuzi anapotea. Mnunuzi wa kweli hakutumi kwa mthamini wake kwa pesa yako. Tulimjibu kwa adabu kwamba tunakubali bei, aweke pesa kwa mshika pesa wa kati kama Escrow.com, na gharama ya cheti tutaikata kwenye malipo yake. Hakuandika tena.

Namtaja huyu kwa kirefu kidogo kwa sababu ndiye mnunuzi wa kwanza ambaye wengi wanaoanza hukutana naye. Anakuja wakati umechoka kusubiri, na bei yake inafanana na ile uliyokuwa unaiota.

Mauzo yenyewe

Miongoni mwa yale 11, jina alilosajili mwisho kabisa liliunganisha neno transit na Kasumbalesa. Kwa msomaji wa mbali: Kasumbalesa ni mpaka wetu na Zambia, kilomita kama 90 kutoka mjini, na sehemu kubwa ya mizigo inayoingia Katanga inapita hapo, ikitoka bandari ya Dar es Salaam au Durban. Kampuni za transit, zile zinazopitisha mizigo ya watu mpakani, ziko nyingi. Karibu zote zinatumia anwani za bure za Gmail.

Alikuwa ameshamwandikia patroni mmoja wa transit kwenye WhatsApp: "Jina la .com linauzwa, dola 2,500." Alama mbili za bluu, basi. Tulipokubaliana kwamba aende ana kwa ana, patroni alimpokea vizuri, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza:

"Mwanangu, mimi niko na WhatsApp, niko na Facebook. Hilo jina litaniletea kontena ngapi?"

Hakuwa na jibu. Akaomba ruhusa ya kurudi siku nyingine, na hilo nalihesabu kuwa jambo la busara kuliko yote aliyofanya katika kisa hiki. Alipokuwa anatoka alizungumza na dada wa mapokezi, naye akamsimulia kilichotokea pale ofisini karibuni: wakala wao wa Dar alipokea barua pepe yenye maelekezo mapya ya malipo, kutoka anwani iliyofanana na ya patroni isipokuwa herufi moja iliyorudiwa. Wakala alishtuka, akapiga simu kabla ya kutuma. Pesa ilisalimika, lakini patroni hakulala vizuri juma zima.

Aliporudi hakuzungumzia jina kabisa. Alikuja na anwani mbili za barua pepe zikiwa tayari zinafanya kazi kwenye jina lile, moja ya mizigo na moja ya diresheni, yaani uongozi. Akaomba namba ya wakala wa Dar, akamtumia ujumbe kutoka anwani mpya mbele ya patroni. Dakika chache tu, simu ya patroni ikalia, sauti ya WhatsApp kutoka Dar: "Mzee, hii ndiyo nzuri, inaonekana ni ofisi kweli. Tukubaliane nisipokee maelekezo ya pesa kutoka kwingine."

"Papa," kijana akasema, "kontena sijui. Lakini mtu wa Dar sasa anajua barua yako na isiyo yako."

Niseme ukweli wa kazi hapa: jina lako mwenyewe halizuii utapeli wote. Mwizi anaweza kusajili jina linalofanana na lako naye. Kinachosaidia ni lile agizo kwa wakala, kwamba maelekezo ya pesa yanakuja kwa anwani moja na yanathibitishwa kwa simu. Kijana alimweleza patroni hivyo bila kuficha, na nadhani ndipo patroni alipomwamini.

Kijana alianza na 600, patroni akasema 200, wakakutana 350, pamoja na kuziweka anwani kwenye simu za wafanyakazi na kuwafundisha. Mimi katika zile 350 nahesabu jina kwa 150, zaidi haifiki. Nyingine ni malipo ya kazi na ya kwenda kwa mtu mara ya pili. Yeye anaona ni jina lote. Hatujakubaliana.

Jinsi jina lilivyokabidhiwa

Hapa wangeweza kukwama. Patroni alitaka jina liende kwa msajili ambako mpwa wake anaweka tovuti ya familia. Lakini jina lilikuwa halijatimiza siku 60 tangu lisajiliwe, na katika kipindi hicho kulihamisha kwenda kwa msajili mwingine huzuiwa. Kizuizi hichohicho hurudi kila linapohamishwa. Anayeuza jina changa bila kujua hili anapokea pesa, anashindwa kukabidhi, na mji mzima unamwita mwizi.

Njia ilikuwepo: ndani ya msajili yuleyule jina linaweza kusukumwa kutoka akaunti moja kwenda nyingine. Patroni akafunguliwa akaunti yake pale, kwa anwani yake ya zamani na namba yake ya simu, siyo ya kijana. Nilisisitiza hilo mpaka wakachoka nami. Nimeona biashara nyingi hapa ambazo jina lao liko mikononi mwa fundi aliyehamia Kolwezi, au kwenye laini ya simu iliyopotea, na siku ya kulipia upya hakuna anayepokea tangazo. Wasajili wanalazimika kutuma ukumbusho karibu mwezi mmoja kabla ya tarehe na tena karibu wiki moja kabla, lakini wanautuma kwa anwani iliyoandikwa, iwe bado inasomwa au la.

Patroni alitoa nusu ya pesa taslimu, 175, wakaandika deshaji, yaani hati ya kupokea pesa, wakasaini wote wawili na dada wa mapokezi kama shahidi. Kijana akabonyeza kusukuma. Patroni akaingia kwenye akaunti yake kwa simu yake mwenyewe, msimbo ukaja kwa SMS, akausoma kwa sauti namba moja moja huku amevaa miwani, na jina likaonekana kwenye orodha yake, na jina la kampuni yake limeandikwa kama mwenye kusajili. Akalibadilisha neno la siri papo hapo, kijana akiwa amegeukia ukutani. Halafu akatoa 175 nyingine.

Mnunuzi angekuwa nje ya mji, njia hiyo isingefaa, na mshika pesa wa kati ndiyo kinga: mnunuzi anaweka pesa kwake, muuzaji anakabidhi jina, mnunuzi anathibitisha, ndipo pesa inaachiwa. Escrow.com wanafanya kazi hiyo tangu 1999. Lakini kabla ya kukubali bei yoyote kutoka nje, uliza kwanza pesa itakufikia vipi Lubumbashi. Uhamisho wa dola kupitia benki za katikati hukatwa kila kituo, na kwenye mauzo ya dola 300 makato hayo yanauma.

Tulichoamua

Majina 13 ya ofa yote aliyaacha yafe, hata lile alilolipenda sana. Yale saba ya kampuni alizima kulipia kiotomatiki siku ileile, akawajibu mawakili kwamba wapewe walilolitaka bila malipo, akawatumia msimbo wa kuhamishia. La shule lilikuwa limerudi. La Kasumbalesa limeuzwa. Yakabaki 10.

Kwa hayo 10 nilimpa kazi moja: kila jina liandikiwe chini yake biashara tano halisi ambazo angeweza kuzifikia kwa miguu au kwa simu, na kando ya kila moja, kitu gani kinawauma ambacho jina hili lingepunguza. Alikwenda siku kadhaa. Majina manne yalipata orodha kamili. Mawili yalipata biashara mbili mbili. Manne hayakupata hata moja, likiwemo ambalo ningeapa lingeongoza. Alilipia yale manne tu, dola 60.

Katika kuzungumza aliniuliza kuhusu .cd, kiishio cha nchi yetu, kama siyo bora kushika hayo. Kwa kumuuzia mfanyabiashara wa hapa yanaweza kufaa, ila ajue kwamba kiishio cha nchi kinafuata kanuni za nchi na historia yake. Sisi tulikuwa na .zr, nchi ikabadilishwa jina mwaka 1997, .cd ikaingia, na .zr ikaondolewa kabisa mwaka 2001. Hakuna kanuni moja ya dunia inayolinda viishio vya nchi kama ilivyo kwa .com, kwa hiyo masharti ya kila kimoja yasomwe kabla ya kulipa.

Hesabu yake ilivyosimama: ametoa 254, amepokea 350 za patroni na 12 za shule, amelipia upya 60. Mkononi zimebaki 48, kabla ya mega za intaneti na nauli. Siyo utajiri, na muda wake haumo. Lakini mwaka wa pili unamgharimu 60 mahali pa 675, na kila jina lililobaki lina watu watano wenye majina na namba za simu.

Juzi mwenye karakana ya vipuri kutoka Likasi, aliyesikia kwa patroni wa transit, alimwomba amtafutie jina. Hakununua akaweka akiba ili amuuzie kwa bei ya juu. Alikaa naye kwenye kompyuta ya sekretaria, wakachagua pamoja, jina likasajiliwa moja kwa moja kwa akaunti ya mwenye karakana na kwa kadi yake, na yeye akatoza dola 50 za kazi. Ameniuliza kama hiyo bado ni biashara ya domeni. Kwa maoni yangu, kwa mtu aliye Kampemba na kadi ya dola 140, ndiyo yenyewe.